MUULIZE FUNDI: Korti ya Zamani Inapogeuka Sinema

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu kwamba nilikwenda kuangalia filamu katika jengo la 1596, kwenye chumba ambacho zamani watu walihukumiwa. Nilikuwa nazungumzia jambo jingine kabisa, kuchanganya chokaa wakati wa baridi. Lakini barua zilizokuja karibu zote zimeuliza kuhusu chumba hicho, na kuhusu mji ninaoishi, Shrewsbury, ulioko magharibi ya Uingereza, kilomita kama 15 kutoka mpaka wa Wales. Basi mwezi huu nyufa na unyevu wa kuta zenu zitasubiri.

Kwa wasomaji wapya: mimi ni fundi wa chokaa. Kazi nilijifunza Mji Mkongwe, Unguja, nikimbebea babu yangu ndoo, na tangu 1999 naifanya huku, kwenye nyumba za mji ambao Mto Severn umeuzunguka karibu pande zote. Nimejibu barua sita. Zilizobaki nimezihifadhi.

Salaam Fundi. Umesema jengo hilo ni la 1596 na leo ni sinema. Kwangu mimi hiyo ni kulivunjia heshima. Jengo la umri huo si lingefanywa makumbusho, likapumzika?
*Mwalimu mstaafu, Dodoma*

Salaam Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nilipofika huku na mimi niliwaza hivyohivyo.

Jengo lenyewe linaitwa Old Market Hall, nalo liko kwenye uwanja wa katikati ya mji unaoitwa The Square. Ni la mawe. Chini ni wazi, matao tu, unapita bila kufungua mlango. Juu kuna ukumbi mrefu wenye paa la boriti. Walipolijenga, chini palikuwa soko la nafaka. Juu palikuwa pa wafanyabiashara wa nguo, watu waliokuwa na nguvu sana katika mji huu. Walinunua vitambaa vya sufu vilivyofumwa Wales na kuvipeleka kuuzwa London, na utajiri wa biashara hiyo ndio uliojenga nyumba nyingi za boriti ambazo leo watalii wanazipiga picha.

Biashara ile ikaisha. Katika karne ya 19 ukumbi wa juu ukawa mahakama ya mahakimu, wale wanaosikiliza kesi ndogondogo: ulevi, wizi wa kuku, ugomvi wa majirani. Mahakama ikahama 1995. Mwaka 2004 pakafunguliwa sinema ndogo, viti havifiki mia, pamoja na mkahawa chini ya boriti zilezile.

Sasa hesabu, Mwalimu. Kutoka 1995 hadi 2004 ni miaka tisa. Mimi fundi nikisikia jengo la zamani limeachwa na mpangaji wake moyo hunishtuka. Nyumba ikiwa na watu, maji yakivuja Jumatatu, Jumanne mfagizi ameona doa na amemwambia mtu. Nyumba ikiwa tupu, doa lile linapata misimu miwili ya baridi. Kigae kimoja kimeteleza, maji yanafuata boriti, boriti inaloa pale ilipoingia ukutani ambapo hakuna jicho linalofika, na siku mtu atakapopanda na ngazi atakuta kichwa cha boriti kimekuwa unga. Nimeyaona haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo uliposema “likapumzika”, mimi nilisikia “likafa”.

Na hayo makumbusho unayoyataka yapo, tena yanatazamana na sinema, upande wa pili wa uwanja. Lakini nayo ni mpangaji. Yalianza 1885 katika jengo lililokuwa shule. Baadaye yakahamia Rowley's House, nyumba ya boriti ya tajiri wa zamani. Tangu 2014 yamo ndani ya Music Hall, ukumbi wa mwaka 1840 uliojengwa kwa ajili ya muziki, na ambao nyuma yake umemeza mabaki ya jumba la mawe la karne ya 13. Mji wa namna hii ukiamua kila jengo zuri liwe makumbusho, utapata majengo mengi yenye tiketi mlangoni na hakuna wa kuzinunua.

Swali langu mimi, jengo linapopata kazi mpya, ni moja: nitatoboa mashimo mangapi? Hoteli inataka bafu kila chumba, na kila bafu linataka bomba la kuingia, la kutoka, na tundu la kutolea mvuke. Ukiuweka ukumbi wa 1596 chini ya mzigo huo utaukatakata. Sinema inataka giza, kimya, na chumba kirefu. Ukumbi ule ulikuwa tayari chumba kirefu. Ndiyo maana nikikaa pale, hata filamu ikiwa mbaya, naridhika.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Kwenye ukuta wa jengo hilo kuna sanamu ya Richard, Mtawala wa York, baba wa wafalme wawili, Edward wa Nne na Richard wa Tatu. Haikutengenezwa kwa ajili ya pale. Ilikuwa kwenye mnara wa daraja la kuelekea Wales, ikahamishiwa sokoni 1771. Hata sanamu ilitafutiwa makao mengine badala ya kuvunjwa.

Hujambo Mjomba. Kaka yangu yuko Uingereza, amepata fremu ya duka kwenye nyumba ya zamani ya mbao, mji kama huo wako. Anataka kuweka madirisha ya plastiki yasiyopitisha baridi, apige na sementi nje ukuta uwe safi. Mwenzake amemtisha kwamba atafungwa. Ni kweli, au ni maneno ya watu?
*Dada mwenye wasiwasi, Nairobi*

Sijambo mwanangu. Mpigie kaka yako leo, usingoje wikendi.

Ni kweli. England ina orodha ya taifa ya majengo ya urithi, yenye madaraja matatu: la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili. Lile la kwanza ni la majengo machache sana, kama asilimia 2.5 ya orodha. Zaidi ya asilimia 90 yako daraja la pili la kawaida. Watu wakisikia “daraja la pili” hudhani sheria yake ni nyepesi. Si hivyo. Jengo likiwa kwenye orodha, daraja lolote, linalindwa nje na ndani, na ukitaka kulibadilisha kwa namna inayogusa sura yake ya kihistoria unahitaji kibali maalumu cha halmashauri. Kufanya kazi hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Sheria ya 1990 inaruhusu kifungo cha hadi miaka miwili, au faini isiyo na kikomo, au vyote pamoja. Na haimtazami mwenye nyumba peke yake. Inamtazama aliyefanya kazi na aliyeamuru ifanywe. Kusema “mimi nimepanga tu” hakumwokoi.

Wanaochanganyikiwa wengi wanachanganya vitu viwili. Kubadilisha matumizi ni jambo moja, kubadilisha mwili wa jengo ni jambo jingine. Tangu Septemba 2020 maduka, mikahawa, ofisi, benki na kliniki vimewekwa kundi moja la matumizi, kwa hiyo duka la viatu linaweza kuwa mkahawa bila kuomba ruhusa ya mipango miji. Baa na duka la chakula cha kubeba haviko kundi hilo. Lakini siku atakapotaka kutoboa ukuta apitishe bomba la moshi la jiko, kibali cha jengo la urithi kinahitajika palepale, hata kama matumizi hayahitaji ruhusa. Habari njema ni kwamba ombi la kibali hicho halina ada. Amwandikie ofisa wa urithi wa halmashauri, aeleze anachotaka, apige picha. Maofisa niliofanya nao kazi ni watu wanaosikiliza, hasa ukiwafuata kabla ya nyundo.

Baridi ya madirisha ina dawa: kioo cha pili upande wa ndani, fremu nyembamba inayofunguka, dirisha la asili likabaki mahali pake. Mara nyingi hilo hukubaliwa.

Sementi sasa. Hapa nitasema sana, mnisamehe.

Nyumba ya boriti ya huku ni nyumba ya kukandika, mwanangu. Wanasimamisha fremu ya mti wa mwaloni, na katikati ya boriti na boriti wanasuka fito, kisha wanakandika udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi ya ng'ombe, na juu yake lipu ya chokaa yenye nywele za wanyama ili isipasuke. Siku ya kwanza kazini huku, msimamizi aliponionyesha ukuta uliofunguliwa, nilicheka kwa furaha. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kukuta ukuta wa kijijini kwa mama yangu.

Ukuta huo unapumua. Mvua inaulowesha, upepo unaukausha, na mti unatanuka na kusinyaa humo ndani bila kugombana na mtu. Ukiupiga sementi umeufunga mdomo. Sementi ni ngumu, mti unacheza. Kwa hiyo pembeni ya kila boriti panapasuka ufa mwembamba kama uzi. Maji yanaingia kwa ufa huo na hayatoki tena.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye duka moja hapa mjini, mteja analalamika mlango haufungi. Nje ukuta ulikuwa mweupe, laini, unapendeza. Fundi mmoja aliyenitangulia aliupiga sementi na rangi ya plastiki. Niligonga kwa mpini wa mwiko, ukalia kama debe. Nilipoibandua sementi ilitoka bamba zima, na nyuma yake boriti ya chini, ile inayobeba nyumba, nilitia kidole kikazama mpaka fundo la pili. Mlango haukuwa na kosa. Nyumba ilikuwa inakaa chini. Tuliifunga nguzo za muda, seremala akakata palipooza akaunga mwaloni mpya, nami nikarudishia chokaa, na gharama yake ingeweza kumlipia yule mwenye duka kodi ya muda mrefu.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo kaka yako huenda hajalisoma: mkataba wake. Mikataba mingi ya maduka huku humbebesha mpangaji matengenezo. Kabla hajatia saini, alipe mkaguzi anayejua majengo ya zamani aandike hali ya jengo ilivyo leo, kwa picha, na karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba. La sivyo siku ya kuondoka atadaiwa uozo ulioanza kabla hajazaliwa.

Na niseme linaloniumiza. Ukijenga nyumba mpya ya kuishi Uingereza, kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri. Ukiitengeneza ya zamani, asilimia 20. Hata kazi zilizopewa kibali kwenye majengo ya urithi zilikuwa na msamaha, ukaondolewa 2012. Serikali inakutaka ulitunze jengo kwa tishio la jela, kisha inakutoza kwa kulitunza. Nimeshaona wenye nyumba wazee wakiahirisha gata la pauni mia chache mpaka likawa paa la maelfu. Hili si haki na nitaendelea kulisema.

Bwana Yesu asifiwe. Nasikia huko Uingereza makanisa yanageuzwa maduka na majumba ya michezo. Wewe fundi unakubali kushika mwiko kwenye kazi kama hiyo?
*Mama wa kwaya, Moshi*

Mama, mimi ni Muislamu, kwa hiyo nitajibu kwa adabu ya mgeni ndani ya nyumba ya watu.

Nianze na St Chad's. Mwaka 1788 kanisa la zamani la St Chad lilikuwa linavuja, wakamwita Thomas Telford, kijana mhandisi ambaye baadaye alijenga barabara na madaraja makubwa. Alitazama akawaambia paa ni jambo dogo, ukuta wenyewe unaanguka. Walimpuuza. Siku chache baadaye likaanguka kweli. Wakajenga jipya la duara, likafunguliwa 1792, na hilo lipo na lina ibada mpaka leo. La zamani limebaki kipande tu kwenye nyasi. Hilo ndilo kanisa linalonihuzunisha katika mji huu, na hakuna duka lililoligusa.

St Mary's ni habari nyingine. Lilikuwa halina waumini wa kutosha, likafungwa kwa ibada za kawaida 1987, na sasa liko mikononi mwa shirika la Churches Conservation Trust linalotunza makanisa ya namna hiyo. Halikugeuzwa kitu. Mlango u wazi, unaingia, unakaa mbele ya dirisha la vioo vya rangi vya karne ya 14 linaloonyesha ukoo wa Yese baba wa Daudi. Mimi huingia wakati wa chakula cha mchana, viatu vyenye chokaa, na hakuna aliyenifukuza. Ncha ya mnara wake ni miongoni mwa ndefu kabisa nchini. Ilivunjwa na dhoruba 1894 ikaangukia paa, ikajengwa upya.

St Julian's, mtaa wa chini yake, liliacha kuwa kanisa miaka ya 1970 na likawa la mafundi wa kazi za mikono. Ndiyo Mama, ningeshika mwiko humo. Lakini kuna mipaka yangu. Gereza la mji huu, la 1793, lilifungwa 2013, na sasa watu hulipa kiingilio kutembezwa ndani. Kutembezwa na kufundishwa, sawa. Usiku wa kutishana na mizimu mahali ambapo watu walinyongwa, hapana. Niliombwa kutengeneza lipu ya chumba kwa ajili ya shughuli kama hiyo, mji mwingine si huu, nikakataa kazi.

Shikamoo. Nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu. Mhadhiri alitaja kwamba jengo la kwanza duniani lenye fremu ya chuma liko Shrewsbury. Ni kweli? Leo linatumika kwa nini?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba kijana. Ni kweli, na mhadhiri wako mshukuru. Haliko katikati ya mji hasa. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kuelekea kaskazini, mtaa wa Ditherington. Lakini siwezi kuzungumzia mji huu nikaliruka.

Ni kiwanda cha kitani cha mwaka 1797. Viwanda vya nguo vya siku zile vilikuwa na sakafu na nguzo za mbao, mafuta kila mahali, vumbi linaloelea, na mwanga wa mishumaa. Viliungua kama vibiriti. Washirika waliojenga hiki walikuwa wameshaunguliwa na kiwanda Leeds mwaka 1796. Mshirika wao wa Shrewsbury, Charles Bage, akafanya hesabu na kutoa jibu: nguzo za chuma cha kusubu, mihimili ya chuma cha kusubu, na kati ya mhimili na mhimili matao mafupi ya matofali yanayobeba sakafu. Kuta za nje ni matofali, ndani hakuna mbao ya kuungua. Ghorofa tano tu. Lakini wazo la kubeba sakafu juu ya fremu ya chuma ndilo lililokuja kuzaa maghorofa marefu ya Chicago karibu miaka 90 baadaye, ndiyo maana wenyeji huliita babu wa maghorofa.

Usisahau pia kwamba humo walifanya kazi watoto, saa nyingi, kwenye vumbi la kitani. Hesabu za Bage zilikuwa nzuri. Maisha ya waliozisimamia mashine hayakuwa.

Kitani kikaisha 1886. Miaka kumi na kitu baadaye wakaligeuza la kutengeneza kimea, shayiri inayooteshwa kwa ajili ya bia, wakaziba madirisha mengi kwa matofali kwa sababu shayiri inayoota haitaki jua. Wakati wa Vita vya Pili likalaza askari. Kimea kikafungwa 1987.

Kisha likakaa tupu. Sikiliza miaka hii vizuri kwa kuwa utakuwa mhandisi: 1987 tupu, 2005 English Heritage, shirika la kutunza majengo ya urithi, ndio wanalinunua kuliokoa, 2022 ndipo kiwanda kikuu kinafunguliwa, kikiwa na maonyesho chini na ofisi juu. Miaka 35. Chuma cha Bage hakikushindwa na moto wala uzito wa shayiri. Kilichokaribia kulimaliza ni kukosa mpangaji.

Nilikwenda wiki za mwanzo. Baadhi ya madirisha yaliyozibwa yamefunguliwa, mengine wameyaacha na alama za kimea, na nilisimama mbele ya moja la kila aina nikafurahi kwamba hawakufuta sura moja ili kuipendeza nyingine. Shika nguzo, itazame umbo: imenenepa katikati. Bage aliweka chuma pale kinapohitajika. Kaulize mhadhiri wako kwa nini nguzo inayobebeshwa mzigo hujipinda katikati, utaelewa yule bwana alikuwa ameshaona nini.

Fundi, mimi ni muuguzi. Hospitali kongwe nayo inaweza kupata kazi nyingine?
*Sista wa wodi, Mombasa*

Inaweza. Hospitali ya zamani ya mji huu, ya 1830, ilifungwa 1977. Leo chini ni maduka madogo, juu ni makazi ya watu. Wagonjwa walikuwa wakiuona Severn kutoka pale, na leo wanaokunywa chai wanauona mto uleule. Kuta nene, madirisha makubwa ya kuingiza hewa: vitu vilivyomfaa mgonjwa vinamfaa mpangaji.

Umeuliza kwa ufupi nami nimejibu kwa ufupi, lakini uniandikie tena kuhusu wodi yako.

Babu Fundi, shikamoo. Hizo mbao za zamani sana mbona mchwa hawazili?
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Tanga*

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote.

Kwanza, huku hakuna mchwa. Baridi haiwapendi. Lakini kuna bungua, na mmoja wao ana tabia ya ajabu: akikomaa hugonga kichwa chake kwenye mbao, tok tok tok, kumwita mwenzake. Zamani watu waliokesha na mgonjwa usiku wa kimya waliisikia sauti hiyo wakadhani ni kifo kinapiga hodi. Anapenda mbao yenye unyevu. Ikikauka, anahangaika. Ndiyo maana babu yako huku kila siku anagombana na maji.

Pili, mti wenyewe ni mwaloni, na moyo wa mwaloni ni mgumu. Maseremala waliukata na kuuchonga ungali mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa kama chuma na patasi inalia. Waliunganisha boriti kwa vigingi vya mti, hakuna msumari. Mti ulipokauka ulijipinda na kuvibana vigingi, ndiyo maana nyumba nyingi za huku zimeinama na bado zimesimama.

Tatu, nikwambie siri. Seremala hakuijenga nyumba palepale. Aliichonga kwanza uwanjani kwake, akaipanga chini, akaikagua, akaifungua, kisha akaipeleka mjini vipande vipande. Ili asichanganye, alichora namba kwenye kila kiungo kwa patasi, namba za Kirumi kwa kuwa zina mistari iliyonyooka tu: I, II, III, IIII. Mara nyingi nne aliiandika kwa mistari minne. Alama hizo bado zipo. Nikibandua lipu mbovu nakutana nazo, nne imeshikana na nne, tano na tano, kama alivyotaka.

Wiki iliyopita nilikuta boriti yenye alama ya saba ikiwa imekaa kwenye kiungo cha sita. Nimeitazama sana. Bado najiuliza ni nani alikosea, au ni nani baadaye aliifungua nyumba ile na kuirudisha kwa haraka. Nikipata jibu nitakuandikia.